Muulize Aliyeshindwa

Huku kwetu Mandawa hakuna marehemu mbaya. Mtu anaweza kuwa alikula fedha za chama cha msingi, akamdhulumu ndugu yake mikorosho, na hakuwahi kuchangia hata debe la mahindi kwenye msiba wa jirani. Siku akifa, turubai likishafungwa na sufuria za wali zikishainjikwa, utasikia alikuwa mtu wa watu, mcheshi, asiye na makuu. Sina ugomvi na desturi hiyo. Marehemu hasemwi, na wafiwa siku ile wanahitaji faraja kuliko wanavyohitaji ukweli. Lakini nimekaa miaka mingi mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, na kazi ile imenizoesha vibaya: nikisikia upande mmoja tu unazungumza, macho yangu yanaanza kutafuta upande wa pili umekaa wapi.

Ndiyo maana Jaji Augustino Ramadhani alipofariki dunia, tarehe 28 Aprili 2020, sikutosheka na rambirambi zilizosomwa redioni. Si kwamba zilikuwa za uongo. Mzaliwa wa Kisima Majongoo, Unguja, mwaka 1945. Mwanajeshi aliyepanda hadi ubrigedia. Jaji Mkuu wa Zanzibar kabla hajatimiza miaka 40, jaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania kuanzia 1989, mtu wa Tume ya Uchaguzi, jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi mwisho wa 2010. Alipostaafu hapo akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, akawa rais wake kuanzia 2014 hadi 2016. Ukisikia orodha kama hiyo ikisomwa unaitikia kwa kichwa, kisha unajikuta bado humjui mtu.

Kipindi chenyewe kilikuwa kigumu. Corona ilikuwa imefunga shule tangu Machi na watu wanaambiwa wasijazane misibani. Mei mosi akafariki Balozi Augustine Mahiga, waziri wa katiba na sheria, na siku chache baada yake Dk. Masumbuko Lamwai, wakili aliyejulikana kwa ulimi usiokopesha. Watu wa sheria walikuwa wakizikana bila matanga ya kueleweka, na kumbukumbu zilizokuwa zisimuliwe mkekani zikasimuliwa kwenye simu.

Sasa, mtu wa Mandawa anamjuaje Jaji Mkuu? Swali la haki. Wilaya yetu ya Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, na sheria kwa wengi wetu ni chumba kimoja chenye benchi la mbao, hakimu, karani na sisi wazee wa baraza wawili. Mawakili kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kabisa kusimama mahakama ya mwanzo. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 2021 tu, tena kwa mahakama zile zinazoongozwa na hakimu mkazi. Ukikata rufaa unaenda wilayani, ukikata tena unaenda Mahakama Kuu, Mtwara, na ukifika huko umeshauza ufuta wa misimu miwili. Mahakama ya Rufani ni kitu cha kusikia kwenye taarifa ya habari. Kwa hiyo sisi tulimjua Ramadhani kama watu wanavyoijua mvua iliyonyesha wilaya nyingine: kwa maji yaliyotufikia.

Kwa rafiki yangu padri mstaafu wa Kianglikana, ambaye tunacheza naye bao jioni, maji hayo yalipitia kanisani. Wageni hushangaa Mkristo kuitwa Ramadhani. Huku Kusini hatushangai. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akiwapeleka kuelekea Nyasa, wakaishia kuweka makazi Masasi, jirani zetu hapa. Tangu hapo kati ya kanisa la Mkunazini na vijiji vya Masasi pamekuwa na njia isiyoota nyasi, na majina yamepita humo kama watu. Katika ukoo mmoja utakuta Yohana na Rashidi, mama mmoja, na sikukuu zote mbili wanakula sahani moja. Padri alikuwa akimtaja jaji kwa fahari ya nyumbani: mtu mkubwa wa nchi anayekaa kwenye kinanda ibadani na kuwapigia wengine waimbe, na ambaye baada ya kustaafu aliwekwa wakfu, akawa padri mwenzake. “Mpiga kinanda,” aliniambia, “hukaa mgongo kwa waumini. Anayetaka kuonekana hawezi kazi hiyo.” Nikamjibu kwamba majaji wao hukaa mbele, juu, tena wanaamkiwa kwa kusimamiwa. Akasukuma kete zake bila kunijibu.

Hapo ndipo nilipomchokoza na kesi ya Mbushuu. Mwaka 1994, Mahakama Kuu ikiwa Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua kuwa adhabu ya kifo inavunja Katiba. Serikali ikaenda Mahakama ya Rufani. Januari 1995 majaji watatu, Jaji Mkuu Francis Nyalali, Jaji Makame na huyu Jaji Ramadhani, wakaurudisha ule uamuzi nyuma. Ajabu ya hukumu yao ni kwamba hawakuitetea kamba. Walikubali kuwa adhabu ile ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha wakasema Katiba yenyewe, ibara ya 30(2), inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, kwa hiyo adhabu inabaki. Mtu wa msalaba, nikamwambia padri, aliyesoma kila Ijumaa Kuu habari ya mtu aliyehukumiwa kufa. Aliwezaje kuandika kwamba jambo ni la kikatili na papo hapo ni halali?

Padri alifikiri kwa muda, maana si mtu wa kurusha majibu. Alisema kuna watu ambao wangeficha nusu ya kwanza ili nusu ya pili ikae vizuri. Wangesema kunyonga si ukatili, wakalala usingizi. Hawa waliziandika zote mbili, wakatuachia sisi wananchi aibu ya kuishi na sheria ambayo mahakama yetu wenyewe imeshaiita ya kikatili. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, ingawa wapo wanaohukumiwa. Sijui kama padri alikuwa anamtetea rafiki wa kanisa au anamsoma jaji. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini jibu lake lilinikaa, kwa sababu nilikuwa nimeliona jambo la namna hiyo kwa macho yangu, kwenye chumba chetu cha benchi la mbao.

Ilikuwa kesi ya mirathi. Mzee mmoja wa Kimwera, Mwislamu, amefariki na kuacha shamba la mikorosho lililozaa vizuri. Wajuao mambo ya Kusini wanajua kesi inaanzia wapi. Kwetu ukoo ni wa mama, na zamani mali ya mjomba ilirudi kwa watoto wa dada yake. Wapwa wakaja mahakamani wakisema mila ndiyo hiyo. Watoto wa marehemu wakasema baba yao aliswali, alifunga, alizikwa kwa sanda na hitima, basi mirathi yake iende kwa sheria ya dini. Mahakama ya mwanzo inazijua sheria zote mbili, ya kimila na ya Kiislamu, na kazi yake ni kutazama marehemu aliishi maisha gani. Hakimu alikuwa binti mdogo, umri wa wanangu. Aliuliza mambo ambayo sisi wazee tuliyaona ya upuuzi: nani alimpikia alipougua, nani alipalilia, nani aliokota korosho msimu wa mwisho, na fedha za mnada ziliingia mfuko gani.

Mpwa mkubwa alitoa ushahidi wake kwa hasira. Hakimu aliandika kwa mkono, akimwomba apunguze mwendo. Alipomaliza, akamsomea yote aliyoyaandika, neno kwa neno, akauliza kama ndivyo. Mpwa akasema hapana. “Umeandika niliokota korosho. Mimi nilisema niliokotesha.” Yaani aliwalipa vibarua, na hiyo ni tofauti kubwa kwa mtu anayetaka kuonyesha alilitunza shamba kwa gharama zake. Hakimu akakata neno, akaandika jingine juu yake, akaweka sahihi pembeni, akamsomea upya. Wiki zilizofuata akaamua kesi, na mpwa akashindwa.

Nilikutana naye baadaye kwenye ghala la ushirika, foleni ya kupima mzigo. Alikuwa bado amekasirika na wajomba, na binamu, na dunia. Lakini hakimu hakumtukana. Alisema kwamba yule binti alimshinda kwa maneno yake mwenyewe, hakuongeza la kwake. Nimesikia hakimu akisifiwa na waliomshinda mwenzao mara nyingi sana, na sifa hizo hazinibabaishi. Aliyeshinda atamsifu hata hakimu aliyelala wakati wa kesi. Sifa ya mpwa yule, iliyotoka kwa shida kama mwiba, ndiyo ninayoiweka akilini ninapotaka kujua mtu wa sheria alikuwa mtu gani.

Kwa hiyo kwa Jaji Ramadhani nilihitaji mtu aliyeshindwa, na Mandawa tunaye. Tunamwita Diwani, ingawa hajawahi kuwa diwani. Jina alilipata kwa kugombea. Kila baada ya miaka mitano huchukua fomu ndani ya chama chake, huzunguka kwa pikipiki kijiji kwa kijiji, huanguka kwenye kura za maoni, na hurudi dukani kwake kuuza mbolea na viatilifu vya mikorosho. Watoto wanamwamkia “Shikamoo Diwani” bila kujua kuna utani ndani yake.

Mwaka 2010 Diwani alikuwa na tumaini jingine. Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa akipigania mgombea binafsi tangu 1993. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi, na kabla wino haujakauka Bunge likabadili Katiba ili mgombea lazima apitie chama. Mtikila akarudi mahakamani, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa. Jambo likawa zito kiasi cha kuketi majaji 7 wakiongozwa na Jaji Mkuu Ramadhani mwenyewe, nao wakawaalika wanazuoni wa sheria waisaidie mahakama kama marafiki zake, akiwamo Profesa Palamagamba Kabudi na Profesa Jwani Mwaikusa. Diwani alinunua betri mpya za redio. Hata bango la kampeni alikuwa ameshalipigia hesabu, lisilo na rangi ya chama chochote.

Tarehe 17 Juni 2010 hukumu ikatoka, na Serikali ikashinda. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, na matakwa ya wananchi yako mikononi mwa Bunge, si mikononi mwa majaji. Mwishoni ikalipa Bunge na Mwanasheria Mkuu ushauri, ikiwakumbusha yaliyosemwa na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kuhusu kutowabana watu kwenye vyama. Haikupita hata mwezi, Profesa Mwaikusa akauawa kwa risasi nyumbani kwake, Salasala. Nalitaja hilo kwa sababu Diwani hulitaja kila tunapozungumzia hukumu ile, kana kwamba misiba miwili iliingia kwake kwa mlango mmoja.

Mimi si mwanasheria, ila nina maoni, na sioni sababu ya kuyaficha kwa kuwa mtu amekufa. Naona Mahakama ilikwepa. Kama haki ya kushiriki uongozi imo katika Katiba, kumwambia raia akaiombe kwa wabunge walioingia kwa tiketi za vyama ni kumtuma mbuzi akaombe majani kwa chui. Wapo wanaosema ilikuwa unyenyekevu, kwamba jaji ambaye hakuchaguliwa na mtu hana kibali cha kuandika upya Katiba. Padri ni mmoja wao. Tumebishana hadi taa zikawashwa. Unyenyekevu na kukwepa vinafanana sana vikiangaliwa kwa mbali, na kuvitofautisha unahitaji kutazama mtu alifanya nini baada ya pale.

Na baada ya pale ndipo penye utamu. Kesi ya Mtikila ilienda Arusha, kwenye mahakama ileile ya Afrika ambako Ramadhani alikuwa ameshakuwa jaji. Hakuikalia, kwa kuwa jaji hasikilizi kesi ya nchi yake. Tarehe 14 Juni 2013 majaji wenzake wakaamua kuwa Tanzania ilivunja haki za Mtikila. Kwa maneno mengine, mahakama aliyokuwamo ilisema kinyume cha mahakama aliyoiongoza. Mwaka uliofuata wenzake haohao wakamchagua kuwa rais wao. Sisi tulio wazoefu wa vikao vya kijiji tunajua mtu aliyepingwa hadharani hukaaje na waliompinga. Wengi huacha kuja kikaoni.

Wakati huohuo alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba. Tume ile ilikusanya maoni nchi nzima, kwenye viwanja vya shule na chini ya miembe, mtu yeyote akipewa kipaza sauti. Diwani alizungumza kwenye mkutano mmoja. Anasema alisema mgombea binafsi, mgombea binafsi, mgombea binafsi, hadi muda wake ukaisha. Hakuzungumza mbele ya Ramadhani, wajumbe walikuwa wamegawanyika makundi. Lakini rasimu ilipotoka Juni 2013, mgombea huru alikuwamo. Diwani alikuja nyumbani kwangu na rasimu imekunjwa kwenye ukurasa huo, akanigongea meza. “Alisema si kazi ya majaji, ni ya wananchi. Basi kaja kutuuliza wananchi. Tumemwambia. Kaandika.”

Hakusema amemsamehe. Nilimuuliza, akakasirika. Alisema kusamehe ni kwa mtu aliyekukosea wewe, na yule hakuwa hata anajua kuna mtu anaitwa yeye. Alichosema ni kwamba mtu aliyemwambia nenda mlango ule, baadaye alimkuta kwenye mlango uleule, amekaa, ana kalamu. Nikakumbuka “niliokotesha”.

Mlango wenyewe haukufunguka. Bunge Maalumu la 2014 lilichana mengi katika rasimu ya Warioba, mgombea huru akabaki kwenye Katiba Inayopendekezwa, kura ya maoni ikapangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika. Mtikila alikufa kwa ajali ya gari Oktoba mwaka huo. Ramadhani naye mwaka huohuo wa 2015 alichukua fomu ya kuomba urais kupitia CCM, akiwa bado rais wa mahakama ya Arusha. Hilo sikulipenda. Jaji anayesubiri kura za chama hunitia wasiwasi hata akiwa mtu safi. Padri alinisihi nisilitie kwenye maandishi haya. Namheshimu Padri, lakini mtu aliyeishi akisoma pande mbili za kila jalada hawezi kuagwa kwa upande mmoja.

Kuna msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mara nyingi nimeusikia kwenye midomo ya walioshinda. Mahakamani tulikuwa hatumtaki mtu akubali kushindwa. Tulimtaka aelewe ameshindwa kwa sababu gani, akitaka aende wilayani, akitaka Mtwara, na njiani akisimulia kesi asiweze kusema hakusikilizwa. Kukubali ni hiari yake. Nimefundisha shule miaka mingi kabla ya kukaa barazani, na huko pia wanafunzi walionisalimia kwa furaha hawakunipa kazi. Aliyenipa kazi ni yule niliyempa sifuri kisha akaja na karatasi yake kuuliza.

Wiki ile ya msiba Padri aliniomba niandike maneno machache ya kumkumbuka jaji, yasomwe kanisani watu wakianza kujaa tena. Niliandika kinanda, jeshi, Arusha. Diwani akapita, akaomba kuona. Akasoma akiwa amesimama, akadai iongezwe sentensi yake: kwamba yuko mtu Mandawa ambaye hakubaliani na hukumu ya 2010 hadi kesho, na anamheshimu aliyeiandika. Padri akasema kanisani si mahali pa rufaa. Diwani akamwambia kwamba kama marehemu angekuwepo angeiruhusu. Wakabishana juu ya kete za bao, mimi nikakata mstari wa jeshi ili sentensi ipate nafasi.

Ilisomwa. Wazee wawili wakacheka, na mama mmoja akauliza hukumu gani hiyo. Padri, aliyekuwa anapinga, ndiye aliyemweleza kwa kirefu pale nje baada ya ibada, tena kwa haki, bila kuvutia upande wake.

Mwezi Julai fomu za udiwani zikatoka. Diwani akachukua yake, akajaza mafuta, akazunguka matawi yote. Ulikuwa ule mwaka ambao nchi nzima ilitaniana kwamba wajumbe si watu wazuri. Akaanguka tena. Safari hii aliyemwangusha ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, na hadi leo tukikutana sokoni Diwani ananishika mkono hauachii, anataka nimweleze, mbele za watu, kama nilimwombea mpwa wangu kwa wajumbe au sikumwombea.